Njia Isiyouliza

Mtaalamu wa programu aliondoa kidole kwenye kitufe, akausoma upya ule mstari.

Tangu asubuhi alikuwa akikusanya ukaguzi uliotapakaa kwenye kiini cha mfumo na kuuweka mahali pamoja, ili programu yoyote inayoomba nafasi ya kumbukumbu iulizwe kwanza inataka kiasi gani. Kazi ya usafi tu. Sasa alikuwa ameona njia moja ya kuombea nafasi ambayo haikuwahi kuuliza chochote. Programu ikiomba kiasi kisichowezekana, inapewa, na mashine nzima inazimika.

Mfumo huo ndio ulioendesha mashine za kupumulia wagonjwa.

"Umemaliza?" mkuu wake aliuliza, amesimama nyuma yake akiegemea kiti alichokalia.

"Nimekuta tundu la zamani. Limo hata kwenye mashine zilizoko hospitali."

"Si zinafanya kazi miaka yote? Lizibe kimyakimya, litoke na toleo lijalo. Usituchomee kwa wateja."

Chai ya yule mtaalamu ilikuwa imepoa na kuota utando. Aliusukuma pembeni kwa kijiko, taratibu, mpaka ukajikunja wote ukingoni mwa kikombe. Kisha akachukua simu.

"Shemeji," alimwambia kaka wa mumewe, nesi wa wodi ya mahututi zilimokuwa mashine hizo, mkuu akiwa bado amesimama palepale. "Uko karibu na wagonjwa? Nisikilize vizuri."