Maji ya Thawabu

Siku hizo thawabu zilikuwa zikiuzwa nje kama mchele, na Bi Khamla wa Laos alikuwa ameshauza zake zote za mwaka kwa tajiri mmoja wa Bangkok. Asubuhi moja alimtilia mtawa wa Kibudha wali bakulini, kisha akapiga magoti kumimina maji ardhini, ili thawabu zimfikie marehemu atakayetajwa, ziwe chakula chake huko aliko.

“Mama, mtaje mamake tajiri,” bintiye Vilay alimkumbusha. “Ukimtaja Baba tena, mkataba utavunjika.”

“Na baba yako huko atakula nini?”

“Mwakani, Mama. Mwakani atakula.”

Khamla akalitaja jina la yule mama asiyemjua, taratibu, mpaka tone la mwisho. Akabaki akiutazama udongo ukiyanywa maji, akiivuta akilini sura ya mumewe. Kwa mara ya kwanza, haikuja.