Ramani ya Shimo la Fuko

Wanyama wachimbaji walikuwa na ramani za mashimo za wote: yeyote anaongeza yake, yeyote ananakili bure ili achimbe shimo lake kwa mfano huo. Fuko, mpenda sifa, akapeleka ramani ya shimo lake.

Nungunungu, mkaguzi, akaisoma. “Bwana Fuko, hapa umeandika, ‘Chimba kushoto mpaka ghala la viazi la Fuko.’ Futa hayo, weka ‘ghala lako.’”

“Kazi ya fundi haiguswi! Wivu tu huo, na miiba yako.”

“Haya, shauri yako.”

Panya buku, wavivu wa kubadilisha hata neno, wakaifuata ilivyo. Wiki haikuisha, ghala la Fuko likawa na matundu kumi na moja.

“Wezi!” akapiga kelele.

“Wezi gani, mzee?” akajibu panya buku mmoja, mashavu yamejaa kiazi. “Tumechimba ulivyoandika.”