Kiti cha Dirishani

Daktari wa meno alibandua ile karatasi iliyoandikwa KIMEHARIBIKA, akaikunjakunja na kuitia mfukoni mwa koti. Kiti cha dirishani kikabaki kinang'aa, kisafi, kama vile hakijawahi kumkosea mtu.

Kumbe kilikuwa kimemkosea msaidizi wake. Wiki iliyopita alikuwa akiosha bakuli la kutemea, mkono mmoja kwenye maji, mwingine kwenye chuma cha kiti, mara umeme ukamtupa hadi ukutani. Mpaka leo yuko kwao, mkono haushiki hata kijiko. Fundi alipofungua soketi, aliguna. Tundu la tatu lilikuwa pambo tu. Nyuma yake hapakuwa na waya wa ardhi, ule unaozuia chuma kisimrushe mtu. Ukuta ubomolewe, alisema, nyaya zipitishwe upya.

Kubomoa maana yake kufunga, na daktari alikuwa ameihenyekea kliniki ile tangu ujana wake. Na leo mkaguzi wa umeme anakuja. Kiti kibovu kingempa hamu ya kuuliza maswali. Kwa hiyo alikiwasha, taa yake ikawaka vizuri, akamwomba Mungu asikiguse mtu mwenye mikono yenye maji.

Simu ikalia. Mama yake.

"Jino halijanipa usingizi, mwanangu. Nakuja."

"Mama, leo nina mgeni. Njoo kesho, tafadhali."

"Kesho nitakuwa nimekufa na jino langu. Unilaze palepale dirishani, pananifaa mgongo. Ingawa kile kiti chako mara ya mwisho kilinifinya vidole nilipogusa chuma chake."

"Kesho, mama," alisema, akakata.

Haukupita muda, mwanamume akabisha hodi. Shati limechomekwa, kalamu mfukoni, funguo kiunoni.

"Nimetumwa niangalie kiti," alisema. "Kile cha dirishani."

Daktari aliitupia jicho ile soketi. Nani kamwambia? Yule msaidizi, bila shaka. Mdomo wake hauna breki.

"Karibu, bosi. Hiki hapa."

Mgeni alikizunguka polepole, akainama, akachungulia chini. Hakuandika chochote, na hilo lilimtisha daktari zaidi.

"Hakirushi umeme?"

"Hata kidogo. Waya wa ardhi umeshuka mpaka chini, soketi zote mpya, saketi ni ya kiti hiki peke yake."

Mgeni aliitikia tu, kama mtu aliyesomewa barua ya mwenzake.

"Na mtu mzima je? Mtu mwenye umri wake?"

Wakaguzi nao na maswali yao.

"Bosi wangu, hata mama yangu mzazi ningemkalisha hapo."

Kwa mara ya kwanza mgeni alitabasamu. "Basi. Hilo ndilo nililotaka kusikia," akasema, akatoka.

Daktari aliingia ofisini, akajibwaga kwenye kiti na kujifuta jasho. Aliona aibu kidogo, na nafuu kubwa. Uongo ulikuwa umetoka laini kuliko alivyotarajia. Ndipo simu ikalia tena, namba ngeni.

"Daktari, mimi mkaguzi wa umeme. Niwie radhi, gari limeniharibikia. Nitafika kesho asubuhi."

Simu ilikuwa bado sikioni. Upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba chenye kile kiti, alisikia funguo zikigongana.

"Taratibu, mama. Shika hapo penye chuma, usije ukateleza. Nimemuuliza mwenyewe, kama ulivyonituma."

"Asante, dereva. Mwanangu huyu hajawahi kunidanganya. Hebu ngoja nisukutue kwanza."

Maji yakaanza kutiririka.