Masharti ya Mjane wa Fumba

Mbarouk alizichomoa raba zake kutoka ndani ya gunia la mkaa, akazikung'uta, akazivalia nje ya mlango kama mwizi. Akakata vichochoro vya Jang'ombe mbiombio mpaka Maisara, akauzunguka uwanja mara tano, akawahi kurudi kabla Radhiya, mkewe, hajaepua chai.

Mtu wa miaka hamsini na tisa, mshona kanzu anayeheshimika Mkunazini, alikuwa anajificha kwa sababu ya mwanamke.

Miezi mitano nyuma alipimwa presha. Daktari aliirudia ile mashine mara mbili, hakuyaamini macho yake. Akamtazama Mbarouk, akamtazama Radhiya aliyemsindikiza, kisha akaandika: kidonge kimoja kila siku, chumvi kidogo, na kutembea. Dawa ya mwezi mzima haikufika bei ya kilo ya nyama.

Mbarouk alivitia vile vidonge dukani, kwenye mtoto wa meza wa vifungo, akavisahau.

"Mie siumwi," alimwambia mkewe. "Mtu haumwi, mnammezesha dawa!"

"Amour naye alisema haumwi," Radhiya alimjibu.

Amour alikuwa jirani yao. Aliidharau presha mpaka figo zikamfia. Sasa alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na ile nyumba yake ya Bububu ilishauzwa ikaliwa na matibabu. Alikuwa akiishi kwa dada yake, chumba cha uani.

"Amour alizidisha soda," Mbarouk alisema, akatia kijiko cha nne cha sukari kwenye chai.

Radhiya alibembeleza, akagomba, akalia. Siku moja akanyamaza kabisa, na Mbarouk akahisi kashinda.

Wiki ile ile Bi Fathiya, mshenga maarufu wa Kikwajuni, aliingia dukani.

"Shikamoo, Bi Fathiya."

"Marahaba, baba. Mie sikuja kushonesha. Pana mjane Fumba kakuona, kakupenda."

Mbarouk alijichoma sindano.

"Mie? Nna mke, Bi Fathiya."

"Nani asiyejua? Mjane mwenyewe anajua. Lakini ana masharti. Hataki kuuguza, wala hataki kuzika. Anataka mume mwenye miguu ya kutembea, si mwenye tumbo la kubeba. Na kila mwezi nimpelekee karatasi yako ya presha."

"Kwani huyu anatafuta mume au anaajiri askari?"

"Basi nimwambie hutaki?"

Mbarouk alikohoa. Akauliza mjane huyo yukoje.

"Mzuri. Anapika pweza mpaka jirani analia. Zaidi ya hapo utamwona ukifuzu."

Bi Fathiya alipotoka tu, Mbarouk alivuta mtoto wa meza, akavichambua vidonge kutoka kwenye vifungo.

Tangu siku hiyo Mbarouk alimeza kidonge chake kila asubuhi, mgongo kaupa mlango wa duka. Sigara aliiacha kwa kisingizio cha kikohozi, sukari kwa kisingizio cha meno. Kanzu zake mwenyewe alizitia cherehani akazipunguza, na baada ya miezi miwili akazipunguza tena.

Alichokiogopa ni jicho la Radhiya. Lakini Radhiya hakuuliza kitu. Aliambiwa apunguze chumvi, akasema, "Haya." Aliambiwa wali usiku mzito, akachemsha ndizi. Siku moja alimtazama mumewe akisimama mlangoni, akasema, "Umependeza," basi, akaendelea kuchambua mchele.

Maskini, hana habari, Mbarouk aliwaza, na dhamiri ikamtafuna mpaka akamnunulia kanga. Mwezi uliofuata ikamtafuna tena, akamnunulia nyingine.

Kila mwezi alipeleka karatasi Kikwajuni. Bi Fathiya aliikunja, akaitia kifuani, akarudi na majibu.

"Anasema bado. Na anasema uache kula urojo wa Alhamisi."

Mbarouk alishangaa habari za urojo wake zimefikaje Fumba.

Mwezi wa sita daktari aliisoma mashine, akacheka.

"Usiache hata siku moja. Kidonge hichohicho. Ungechelewa kidogo, bwana, ungeuza cherehani na duka lake na usifike popote."

Mbarouk hakusikia zaidi ya nusu. Alitoka moja kwa moja mpaka kwa Bi Fathiya, karatasi mkononi, hata pumzi haikumpaa.

Bi Fathiya aliisoma kwa makini. "Umefuzu. Ijumaa, baada ya alasiri, njoo hapahapa. Atakuwepo."

Ijumaa Mbarouk alivaa kanzu mpya aliyoitarizi kwa mikono yake, akajipaka mafuta ya udi nyuma ya masikio. Bahati ilikuwa yake: Radhiya alishatoka tangu mchana kwenda harusini, kwa hiyo hakulazimika kutunga uongo.

Bi Fathiya alimkaribisha mkekani, akampa kahawa isiyo na sukari, akamwacha peke yake. Nyumba ilinukia udi. Nyuma ya pazia palikuwa na mtu. Bangili zililia mara moja, zikanyamaza.

Mbarouk alifikiria miaka yake thelathini na Radhiya, uso ukamwiva. Akanyanyuka. Akakaa. Akanyanyuka tena, na safari hii hakujua mwenyewe kama ananyanyuka aondoke au ampokee mgeni.

Pazia likavutwa. Akatoka Radhiya, kajifukiza, mkononi kashika karatasi zote sita.

"Mjane ni mie," alisema. "Siku ile ya kwanza daktari alinambia imebaki kidogo tu niwe kweli."