Honi za Barabara Kuu

Honi tatu zililia chini ya dirisha, mbili fupi na moja ndefu, na mzee akainua mkono kulipungia gari asiloliona.

"Huyo kapita," alisema.

"Kapita, baba," akaitikia mkaza mwana wake, huku akikanyaga cherehani kama mtu anayefukuzwa.

Tangu mzee arudi kutoka hospitali, macho yamezimika, asubuhi ilianza kwa salamu hiyo. Kabla ya maradhi, mwanawe alikuwa akiliegesha gari la mikate pale chini, anapanda ngazi mbilimbili, anamwekea baba yake mkate wa moto mapajani. Siku hizi hapandi.

"Hata nafasi ya kunishika mkono hana?" mzee aliwahi kuuliza.

"Njia yake ya sasa ni ndefu, baba, analala hukohuko. Hata mimi sina changu kwake ila hizo honi."

Mzee hakuuliza tena. Alikuwa mtu wa sala, na mtu wa sala hujua kushukuru kwa kidogo. Akawa anaamka mapema, ananawa uso, anasogeza kiti dirishani.

Ndipo manispaa ilipotaka kuifunga barabara kuu kwa magari. Ibaki ya waenda kwa miguu, walisema, ipandwe miti, iwekwe mabenchi. Mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi wa shule.

"Wewe baki upumzike, baba," mkaza mwana alimsihi.

"Asiyekuwepo na lake halipo. Nishike mkono twende."

Ukumbi ulijaa, kila mtu na lake. Muuza viatu alitaka ifungwe. Vumbi la magari lilikuwa likimzeeshea viatu kabla hata havijavaliwa. Muuza saruji akaruka: "Na wateja wangu wabebe mifuko kichwani? Basi nianze kuipima saruji kwa kijiko!" Watu wakacheka. Kiongozi wa madereva wa mikate, waliyemwita Ndevu, akasema barabara isiguswe.

"Lakini nyinyi mna njia ya nyuma ya soko," mwenyekiti, mama mpole mwenye miwani, alimkumbusha. "Tena kwenu ni ya mkato."

"Tunaijua, mama. Sisi tunataka hii hii."

"Kwa nini?"

Ndevu aliitazama kofia yake mikononi, akaketi.

Mkaza mwana akasimama. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu. "Baba mkwe wangu haoni. Kila asubuhi gari la mwanawe likipita, anapigiwa honi. Ni hiyo tu inayomtoa kitandani. Mkiifunga barabara, mtakuwa mmemzika angali hai."

"Si ampigie simu?" mmoja akadakia. "Au mumeo kakosa vocha?"

Kicheko kilizunguka ukumbi mzima, ila kwenye benchi la madereva wa mikate hakikufika. Mkaza mwana aliunganisha viganja.

"Nawaombeni," alisema tu.

Kicheko kikafa. Muuza viatu akajikuna shingo. "Iachwe basi," alisema. "Vumbi nitalifuta." Mwingine akaitikia, na mwingine, hadi hata yule wa vocha akainamisha kichwa.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Naona tumesikizana. Ila utaratibu ni utaratibu. Anayetaka ifungwe anyooshe mkono."

Ulinyooshwa mkono mmoja tu, wa mzee.

"Baba!" Mkaza mwana aliukamata. "Asubuhi utasikia nini?"

Mzee hakuushusha. "Madereva wa mikate mko wapi?"

"Tupo hapa, mzee," alijibu Ndevu.

Akageuza uso upande wa ile sauti.

"Mungu awalipe, wanangu. Tangu mlipomzika mwanangu mimi nikiwa hospitali, hamjanipita kimya hata asubuhi moja. Sasa ifungeni, huyu binti apate kumlilia mumewe."