Mwenye Nyama Ile

"Andika kwamba nimekosea," alisema Dada Lebo. "Nitatia sahihi."

Mkuu wa maabara alivua miwani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajawahi kuona lebo ya mama huyu ikienda kombo, na jina la utani alilipatia hapo hapo. Mama aliandika lebo kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye dawa ya kuhifadhia nyama iliyokatwa kwa wagonjwa. Kisha aliisoma namba kwa sauti mara tatu kabla ya kuibandika, mpaka wenzake wakawa wanamwigiza saa ya chai.

"Kwa hiyo chupa zilichanganyika?"

"Zilikuwa mbili mezani. Nilikuwa na haraka."

"Unajua hapa unamwaga unga."

"Najua, mkuu."

Akatia sahihi bila kupepesa macho. Alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaliacha kitini. Alipofika getini alikuwa karibu kukimbia kwa furaha.

Nyama yenyewe ilikatwa kwenye uvimbe wa shingoni mwa mdogo wake, fundi redio, ambaye Dada Lebo alimlea tangu ana miaka sita. Hakuwa na ndugu mwingine duniani. Kinga ya mwili wa fundi ilikuwa chini kwa muda mrefu, kila ugonjwa uliopita njia ulimpigia hodi. Mwaka huu ulianza na minyoo. Choo kilipopimwa kilikutwa na mayai ya tegu, akapewa vidonge, naye akajicheka kwamba anaugua kama mtoto wa chekechea. Baadaye ukaja uvimbe.

Daktari alisema ni saratani. Seli zake zilikuwa ndogo ajabu, ila zilizaliana ovyo kama za saratani yoyote kali. Dada Lebo akaibandika lebo chupa ya nyama, ikapelekwa maabara kuu kupimwa vinasaba, na jibu likarudi: hii si ya mgonjwa huyu.

Basi lebo ilikosewa, wakasema wote. Saratani ni ya mtu mwingine. Daktari akakata kipande kingine ili kuhakikisha, na safari hii muuguzi mwenyewe akaandika lebo. Jibu lingechukua wiki sita.

Wiki hizo sita zilikuwa tamu. Fundi alipoambiwa alikaa chini akalia kwa kwikwi, kisha akanyanyuka na kufungulia redio zote za barazani kwa pamoja, majirani wakadhani kachanganyikiwa. Alirudi kazini na bisibisi yake sikioni. Alikohoa kidogo, na mkanda aliutoboa tundu jipya. Dada yake aliliona tundu lile, akatazama pembeni.

"Dada, wamempata mwenye nyama ile?" alikuwa akiuliza kila jioni.

"Bado wanamtafuta."

"Maskini ya Mungu. Huko aliko anajiona mzima."

Na alimwombea mtu huyo kabla ya kula, kila siku, kwa sauti.

Dada Lebo aliitikia amina huku roho ikimuuma. Kuna jambo hakumwambia mtu. Siku ile mezani kulikuwa na chupa moja tu. Aliikumbuka, na namba yake aliikumbuka. Lakini mashine haina sababu ya kusema uongo, na binadamu husahau. Alijilazimisha kuikumbuka chupa ya pili siku baada ya siku, mpaka akaanza kuiona, na kifuniko chake cha kijani.

Wiki ya sita mkuu wa maabara alikuja mwenyewe nyumbani. Hakutaka kiti.

"Nilijua wewe huwezi kukosea," alisema, akampa barua, akageuka kutazama ukuta.

Dada Lebo aliisoma kwa kunong'ona, mara tatu. Kipande cha pili kilifanana na cha kwanza. Vyote viwili vilitoka shingoni mwa ndugu yake. Seli hazikuwa zake, wala za binadamu yeyote. Zilikuwa za tegu. Saratani ilimshika mnyoo tumboni, ikatoka kwa mnyoo ikaingia katika mwili wa mtu, na sasa ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Madaktari hawakuwa na dawa wanayoijua. Uongozi ulimwomba radhi kwa kumtilia shaka, na ulimtaka arudi kazini Jumatatu.

Barazani redio ilizimwa.

"Dada! Huyo si mkuu wako? Wamempata yule mtu?"

Aliikunja barua kama alivyolikunja koti, kona kwa kona.

"Wamempata, mdogo wangu."