Hofu Haitoki Hospitalini

Alasiri, kwenye mlango wa chumba cha dharura, Nesi Mwanaidi alimshika nesi mwenzake, Gaudensia, kiganja kwa kiganja akamkabidhi hofu, kama ilivyo desturi kila zamu inapoisha. Hofu ilikuwa moja tu kwa wauguzi wote, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Palepale Gaudensia akaanza kutweta, akawakimbilia wagonjwa mahututi, waliofungwa utepe mwekundu. Mwanaidi akaenda zake, ametulia kama maji ya mtungini, na alipofika kwake akaketi kuchambua mchele.

"Mama Shamte, mtoto anachemka!" Mumewe alitoka chumbani amembeba mwana wao. "Shingo imekakamaa, nikimwita haitikii!"

Mwanaidi akamfunua mtoto kope, akamtazama. "Huyu ni wa utepe mwekundu," alisema kwa upole. "Apelekwe sasa hivi." Kisha akainama, akaokota chuya nyingine.

"We mwanamke, una moyo gani?"

"Nimeshakabidhi, Baba Shamte."

Mume akamvuta mkono, wakaenda.

Gaudensia alipomwona Shamte alipiga yowe, akamnyakua mikononi mwa baba yake, akakimbia naye ndani huku machozi yakimtiririka kana kwamba ndiye aliyemzaa. Baba akamfuata mbio.

Mwanaidi alibaki kwenye benchi la nje. Alijua kabisa kwamba mama yeyote angekuwa analia. Akaitazama saa ya ukutani, akajiweka vizuri, akaingoja zamu yake ya kesho ndipo amlilie mwanawe.